Kabla hujanunua betri za paneli ya alamu ya moto, pima kwanza

Wadau habari za kazi. Leo naongelea paneli za alamu ya moto, yale maboksi yanayofungwa ukutani mapokezi kwenye lodge, hosteli, zahanati na majengo ya ofisi. Hapa Dar simu nyingi ninazopigiwa ni za aina mbili tu, ama "fundi, paneli inalia tiii haiachi" ama "Zimamoto wamekuja kukagua wamesema betri zimekufa, tununue zipi?" Na nikifungua mlango wa paneli mara nyingi nakuta kuna kitu hakipo kabisa. Betri zimetolewa zikafungwa kwenye fensi ya umeme au mota ya geti, maana kule nako betri ya 12V 7Ah (Ah ni ampia kwa saa, yaani ujazo wa betri) inaingia bila shida, au kile kiwaya kifupi kinachounganisha betri mbili kimepotea, au fyuzi haipo, au rizista ya mwisho wa laini imetupwa na fundi rangi aliyeshusha ditekta, kile kifaa cha darini kinachonusa moshi au joto, apake dari.

Kinachoniuma zaidi ni pale nakuta mtu amekata waya wa baza ili kelele iishe. Jamani ile taa ya njano na ule mlio ni paneli inakwambia kuna sehemu ya jengo haioni tena, au umeme wa Tanesco ukikatika itazima. Ukiinyamazisha bila kutengeneza umewaacha watu wanalala humo wakiamini wana ulinzi, na hawana.

Tuanze na hii rizista kwa sababu ndo inasumbua wengi. Paneli za kawaida zisizo na adresi, yaani zisizoweza kutambua kila kifaa kwa namba yake, zinapeleka umeme kidogo kwenye kila zoni, yaani kila sehemu ya jengo yenye waya wake, na kwenye kifaa cha mwisho kabisa inafungwa rizista, paneli ikiiona inajua waya ni mzima mpaka mwisho. Ikitoka, zoni inaandika folti, yaani hitilafu. Thamani yake inategemea paneli, utakutana na 6.8k, 4.7k, 10k na nyingine, na paneli moja inaweza kutaka 6.8k kwenye zoni na 10k kwenye laini ya ving'ora, kwa hiyo usichukue tu ile uliyonayo mfukoni. Hujui thamani? Angalia zoni ambazo hazitumiki, kwa kawaida rizista inakuwa imefungwa palepale kwenye terminali ndani ya paneli, soma rangi zake. Bluu, kijivu, nyekundu ni 6.8k. Njano, zambarau, nyekundu ni 4.7k. Kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa ni 10k. Kama rangi zimefifia itoe upime kwa mita. Halafu kuna paneli hazitumii rizista, zinatumia kapasita au kifaa maalumu cha mwisho wa laini, hapo ni lazima ufuate kitabu cha paneli.

Sasa kuna mchezo mbaya, fundi akiona zoni ina folti anafunga rizista mpya ndani ya paneli, taa inazimika, analipwa anaondoka. Hapo waya wote unaokwenda juu hauangaliwi tena, hata ukikatwa paneli itasema iko sawa. Ukitaka kujua kama ulifanyiwa hivyo, chomoa waya wa zoni kwenye paneli upime huo waya wenyewe. Kama paneli yako ni ya 6.8k, ukisoma karibu na 6.8k rizista iko huko mwisho, ukikuta hauna njia kabisa waya umekatika au rizista haipo, au kuna kichwa cha ditekta kimetolewa kwenye besi yake, na ukisoma kama 3.4k ujue kuna mbili zimefungwa sambamba, mtu aliongeza ya pili bila kuitafuta ya kwanza.

Fyuzi nazo msizichukulie poa. Soma maandishi kwenye kile kichuma cha pembeni, T maana yake inachelewa kukatika, F inakatika haraka, H ni ile ya kauri inayohimili shoti kubwa na L ni ya kioo. Upande wa umeme mkubwa mara nyingi wameandika T na H, sasa wewe ukiweka ya kioo, au mbaya zaidi ukazungushia uzi wa waya, umetengeneza chanzo cha moto ndani ya kifaa cha kuzuia moto. King'ora kipya kikigoma na paneli ikaonyesha shoti kwenye laini ya ving'ora, geuza kwanza waya wa plasi na mainasi kabla hujakilaumu, maana paneli inaiangalia ile laini kwa umeme uliogeuzwa na king'ora kina dayodi ndani, kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Vichwa vya ditekta za adresi havibadilishwi ovyo pia, cha kampuni ya Apollo hakiongei na paneli inayotumia vifaa vya kampuni ya Hochiki hata kama ukikilazimisha kikakaa.

Haya, betri. Paneli nyingi zinatumia 24V, yaani betri mbili za 12V zimefungwa kwa kufuatana, na hapa wengi wanadhani 7Ah mbili zinakuwa 14Ah, hapana, voliti ndo zinajumlishwa, Ah inabaki 7 ileile. Usinunue kwa kuangalia ukubwa wa boksi wala kwa kusikia jirani alinunua ipi. Chukua mita, iweke kwenye ampia, ifunge kwa kufuatana na waya mmoja wa betri, halafu zima umeme wa Tanesco unaoingia kwenye paneli ili ibaki kwenye betri, ikiwa imetulia usome inakula kiasi gani, kisha piga ving'ora vyote usome tena. Hakikisha mita yako inahimili hiyo ampia na uwe umewataarifu watu wote wa jengo kabla, pia kama paneli imeunganishwa na lifti au milango uzitenganishe kwanza.

Namba hizo mbili zinatosha. Hesabu ninayotumia ni ya mfumo wa Uingereza, BS 5839-1, ambao ndo michoro mingi ya majengo yetu inaufuata: ampia za kutulia zidisha kwa masaa ya kusubiri (masaa paneli inayotakiwa kukaa kwa betri tu), jumlisha ampia za kulia zidisha kwa nusu saa zidisha kwa 1.75, halafu jumla yote zidisha kwa 1.25. Ile 1.75 ipo kwa sababu betri ikivutwa kwa nguvu inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, na 1.25 ni ya uzee, betri inavyozeeka inapungua.

Mfano, paneli ndogo ya zoni nne inakula 0.08A ikitulia na 0.5A ving'ora vikilia. Kwa masaa 24, 0.08 mara 24 ni 1.92, na 0.5 mara 0.5 mara 1.75 ni kama 0.44, jumla 2.36, mara 1.25 unapata karibu 2.95Ah. Hapo betri za 7Ah zinatosha na kubaki. Ila jengo hilohilo likiwa linafungwa ijumaa jioni mpaka jumatatu, hakuna mtu wala jenereta, na limepangiwa masaa 72, inakuja 5.76 jumlisha 0.44, mara 1.25, ni kama 7.75Ah. Zile 7Ah ambazo kila duka linakuuzia hazitoshi, unapanda 12Ah. Jengo ni lilelile na paneli ni ileile, kilichobadilika ni masaa tu.

Lakini usipande tu bila kuangalia chaja. Kitabu cha paneli kinataja betri kubwa kabisa inayoruhusiwa, na kiwango cha Ulaya cha EN 54-4 kinataka chaja irudishe betri iliyoisha mpaka asilimia 80 ndani ya masaa 24. Ukibandika 17Ah kwenye chaja iliyotengenezwa kwa 7Ah, umeme ukikatika leo na kesho tena, betri haitakuwa imejaa. Kama hesabu inadai zaidi ya chaja inavyoweza, tafuta chaja ya pembeni inayokubaliana na paneli hiyo. Betri ya gari usiweke hata iweje, haijatengenezwa kukaa kwenye chaji mwaka mzima na inatoa gesi inayoweza kulipuka ndani ya boksi lililofungwa.

Ukienda dukani, Kariakoo au popote, nenda na mita na kama unaweza na mizani ndogo. 12V 7Ah ya kweli ina risasi ndani, uzito wake ni kilo mbili na kitu, ukiinyanyua ukaona nyepesi sana iache hata kama bei ni tamu. Pima voliti kabla ya kulipa, nzima iliyojaa inasoma kama 12.8 au zaidi, ikiwa chini ya 12.4 imekaa rafu muda mrefu bila kuchajiwa. Nunua mbili za kampuni moja na tarehe moja, usichanganye mpya na ya zamani maana ile mbovu inaiharibu mwenzake. Angalia pia upana wa terminali, kuna ya 4.75mm na ya 6.35mm, kiwaya chako kiendane nayo kisije kikalegea.

Kwenye kuwasha, paneli nyingi zinataka umeme wa ukutani kwanza ndo uunganishe betri. Zikishajaa pima kwenye ncha mbili za betri zote, tarajia kama 27.3V, ikizidi sana chaja itazipika, na kama paneli ina kile kisensa cha joto cha chaja kisikae kinaning'inia bure. Halafu fanya jaribio la kweli, zima umeme masaa kadhaa, piga ving'ora, pima betri moja moja. Inayokimbilia 10.5V imekwisha, hata kama zote mbili zilinunuliwa siku moja.

Joto la Dar, Tanga, Mombasa linakula betri vibaya mno, kila nyuzi 10 juu ya 20 au 25 umri unakatika karibu nusu, kwa hiyo ile miaka mitano iliyoandikwa kwenye karatasi usiitegemee kama paneli iko kwenye kichumba kisicho na hewa. Andika tarehe ya kufunga juu ya betri kwa maka pen, na bandika zile ampia mbili ulizopima ndani ya mlango ili fundi atakayekuja baada yako asianze kubahatisha. Betri zilizotolewa usizitupe jalalani, zina risasi na asidi, funga terminali kwa tepu uzipeleke kwa wanaonunua betri chakavu.