Bibi Amelala, Umepewa Dakika Tano: Jinsi ya Kuandika Historia Yake

Ujumbe wa wiki hii umetoka Kisauni. Bibi wa familia amelala, mazishi ni Jumamosi, na mjukuu "anayejua kuandika" amekabidhiwa historia ya marehemu. Kanisa limempa dakika tano. Sentensi ya kwanza ameshaiandika: "Alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mpenda watu." Anauliza kama imekaa sawa.

Haijakaa. Sentensi hiyo inamfaa kila mama aliyewahi kuingizwa kanisani ndani ya jeneza, ndiyo maana ikisomwa watu wa viti vya nyuma hutoa simu.

Anza na makaratasi: kitambulisho, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kikundi cha akina mama, na Biblia yake, kwa sababu wazee wengi waliandika vizazi na vifo kwenye kurasa tupu za mwanzo. Kitambulisho usikiamini sana. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliyezaliwa kijijini bila cheti alimfikia karani akiwa na wajukuu tayari, na mwaka wake ukakadiriwa kwa macho. Upime kwa kifungua mimba. Kitambulisho kikisema 1943 na mtoto wa kwanza ni wa 1954, basi bibi alizaa akiwa na miaka 11. Hesabu imekataa, na kuna mzee kanisani atakayeipiga kimoyomoyo wakati unasoma.

Kinachofuata ni daftari la ubatizo. Mpigie simu karani wa parokia siku ya kazi. Jumapili baada ya ibada hatakusikiliza. Nenda na jina la ubatizo na jina la baba yake bibi, kwa sababu jina la ndoa halimo humo, na hapo ndipo wengi hurudi mikono mitupu wakidai daftari limepotea. Kwa Wakatoliki, pembeni mwa jina la aliyebatizwa huongezwa kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa tarehe tatu. Kwa Waanglikana, omba daftari la kila jambo peke yake.

Ukoo wenu ukiwa wa Frere Town, hapa Mombasa, au Rabai, Kilifi, uliza zaidi. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru, na Kengeleni, ambayo wengi wanaijua kama stendi ya matatu tu, imepata jina kutokana na kengele yao. Familia nyingine huona haya kutaja kwamba babu zao walikuwa watumwa. Waombe wazee ruhusa, wakikubali liandike jambo hilo bila kulizungusha.

Daftari likikosekana, tumia matukio. Usimuulize mdogo wake bibi "alizaliwa lini". Muulize: daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea majini, lilipofunguliwa 1931, alikuwa amezaliwa? Mafuriko ya 1961, alikuwa na watoto wangapi? Uhuru 1963 ulimkuta ameolewa? Daraja jipya la 1980 je? Majibu mawili matatu yakikubaliana, andika "alizaliwa miaka ya 1930" na uishie hapo. Usibuni Januari mosi.

Hoji watu watatu: ndugu yake, mkaza mwana aliyeishi naye, na mama mmoja wa kikundi chake. Watoto wake wa kuzaa waache mwisho, maana wiki hii watakwambia alikuwa malaika. Zima feni hata kama ni joto, la sivyo simu itarekodi upepo. Kunguru wa nje hutawaweza, funga dirisha la upande wao. Na usiulize kama alipenda kanisa. Uliza alikaa benchi lipi, alikuwa na kazi gani, Jumamosi alifanya nini. Ukiuliza hivyo utapata sentensi kama hii: "Kila Jumamosi alasiri alifua vitambaa vya madhabahu, akavianika kivulini ili visipauke, akavipiga pasi ya makaa, na kesho yake alikuwa benchi la tatu kabla ya kengele ya kwanza." Ucha Mungu haukutajwa, na hakuna aliyeukosa.

Dakika tano ni maneno kama 500 yakisomwa kwa utulivu. Kama mwili unasafirishwa, mathalani Taita, tayarisha historia mbili: fupi ya ibada ya Mombasa, ndefu ya nyumbani.

Orodha ya watoto ndiyo huvunja familia. Waliotangulia kufa waandikwe. Aliyezaliwa kabla ya ndoa aandikwe, na wa kulea pia. Binti aliyesilimu alipoolewa aandikwe kwa jina analolitumia leo. Atakuwa amekaa pale na watoto wake akisikiliza. Wajukuu, vitukuu na vilembwe wahesabiwe mtoto kwa mtoto, kila nyumba ilete idadi yake. Halafu soma orodha kwa sauti kwenye kikao cha jioni, mbele ya mkubwa na kitinda mimba wote wawili, kabla ya kwenda kuchapisha. Nakala 300 zilizomsahau mtu hazifutiki kwa kalamu.

Uchapishaji wenyewe hauna mambo mengi. Karatasi ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu kiwe cha kurasa 4, 8 au 12. Ukipeleka 10, mbili zitabaki tupu. Picha zitumwe WhatsApp kama dokumenti, la sivyo zitabanwa na uso utatoka na ukungu. Picha ya kale iliyogandana na kioo cha fremu, na kwa unyevu wa Mombasa hugandana sana, usiibandue. Ipige ikiwa humohumo, karibu na dirisha, bila flashi, ukisogea kidogo pembeni hadi mng'ao uondoke.

Msomaji awe mjukuu aliyezoea kusoma masomo kanisani, hata kama si mkubwa. Mpe herufi za saizi 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zimepigwa nambari na kushikizwa kwenye ubao. Feni za kanisa zitakuwa zinazunguka.