Barua kwa binti yangu aliyeitwa usaili ubalozini

Binti yangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Umeniandikia kwamba ubalozi mmoja pale Dar umekuita kwenye usaili wa kazi ya msaidizi wa masuala ya siasa, kazi ileile niliyoifanya mimi miaka ishirini na mmoja. Na kabla hujaenda, unataka nikujibu swali ambalo hukuwahi kuthubutu kuniuliza: "Mama, ulipokuwa kule, ulikuwa wa kwao au wa kwetu?"

Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu ningejibu harakaharaka kama mtu anayejitetea.

Najua swali lilikotoka. Ulikuwa darasa la sita uliporudi nyumbani unalia, mtoto wa jirani kakuambia mama yako anawauzia Wazungu nchi. Nilikufuta machozi, nikakuambia usimsikilize, nikarudi jikoni. Sikukueleza kitu, na hilo nalijutia.

Sikuwa jasusi, mama. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unataja wazi kuwa moja ya kazi za ubalozi ni kujua hali na mambo yanayotokea katika nchi ulipo, kwa njia zote halali, na kuiarifu serikali yake. Balozi zetu sisi kule London na Beijing zina kazi hiyohiyo. Ulishike neno "halali". Mimi kuanzia saa moja kasoro asubuhi nilikuwa mezani na magazeti, Nipashe, Majira, Uhuru, Daily News, baadaye na Mwananchi, nikiandaa muhtasari wa kurasa mbili kabla ya saa tatu. Nilifuatilia Bunge. Niliomba miadi, niliandika barua za kwenda Wizara ya Mambo ya Nje, nilikalimani kwenye mikutano. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ningeona haya kukifanya mbele ya baba yangu.

Siku moja mtumishi wa ofisi fulani ya serikali alinikuta mgahawani, akasogeza bahasha chini ya sahani. Ilikuwa wazi kidogo, na karatasi ya juu ilikuwa na mhuri wa SIRI. Labda alitaka pesa, labda alitumwa kunijaribu, sikutaka kujua. Nilisimama, nikamwambia, "Kaka, bahasha yako umeisahau, ichukue," nikaondoka na chai yangu sijaimaliza. Sheria ya Usalama wa Taifa ipo tangu mwaka 1970 na haina mchezo na karatasi za namna ile. Mchana uleule nilimweleza bosi wangu. Akaniambia nilifanya vizuri. Angeonyesha kusikitika hata kidogo, ningeandika barua ya kuacha kazi.

Lakini hayo ni ya pembeni. Kazi hasa, ile ambayo hutaiona kwenye tangazo, ni kuwafumbulia maneno yetu watu wanaokaa nchini miaka mitatu kisha wanahamishwa.

Juni moja nilikaa na afisa aliyekuwa na wiki mbili tu Tanzania, tukitazama mjadala wa bajeti kwenye televisheni. Mbunge mmoja wa chama tawala alisimama akaichambua bajeti kama anayepepeta mchele wenye mawe: visima vimekauka, zahanati haina dawa, barabara aliyoahidiwa imebaki ya kwenye makaratasi. Kengele ikalia, akamalizia, "Mheshimiwa Naibu Spika, naunga mkono hoja." Afisa wangu akaandika kwamba mbunge yule ni kigeugeu. Nikamwomba afute. Nikamfungulia Katiba, ibara ya 90, nikamwonyesha kuwa Bunge likiikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Mbunge wa chama kile hana uhuru wa kusema "siungi mkono", ila ana zile dakika chache kabla ya kengele, na ndani yake anasema yote anayotaka wapigakura wake wayasikie. Afisa yule alikaa nchini miaka mitatu na baada ya siku ile hakukosea tena mahali pa kusikiliza.

Pemba ndiko nilikojifunza kazi, kwa hiyo nisamehe nikikaa huko kidogo. Unakumbuka yaliyotokea Januari 2001, baada ya ule uchaguzi wa Oktoba 2000. Watu waliandamana, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, na wengi wakapanda vyombo usiku wakavuka hadi Shimoni, Kenya. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda na afisa mwingine hadi Micheweni. Tukamkuta mzee amekaa barazani. Afisa, hata salamu hazijaisha, akaniambia nimuulize hali ikoje kijijini. Mzee akajibu, "Tunamshukuru Mungu, tuko salama." Afisa akaandika: hali ni shwari. Akafunga daftari, akatazama gari.

Nikamwambia mimi bado sijamaliza kusalimia. Nikarudi kwa mzee kama nilivyofunzwa na bibi yako: nyumbani hawajambo, mama wa nyumbani hajambo, watoto hawajambo? Hapo kwenye watoto akanyamaza. Kisha akasema, "Wadogo hawajambo. Mkubwa yuko Shimoni." Tukaletewa kahawa. Tulikaa pale mpaka adhuhuri, akatueleza habari za mwanawe, za mashua, za nani walirudi na nani hawajulikani walipo. "Tuko salama" yake ilikuwa ya waliobaki. Afisa alikuja na orodha ya maswali na hakuna hata moja lililouliza watoto hawajambo.

Ripoti ile ilipoondoka nilijua mzee yule amesikika mahali ambapo sauti yake isingefika kamwe. Ukiniuliza siku ile nilikuwa wa nani, nakujibu bila kusita kuwa nilikuwa wa kwetu, mshahara ukitoka kwao.

Sasa nikuambie ya upande wa pili, ambayo baba yako peke yake ndiye aliyeyajua.

Miaka michache baada ya hapo nilikwenda wilaya moja ya pwani. Kulikuwa na mgogoro wa ardhi na mwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uhusishwe ardhi ya kijiji inapotolewa, na muhtasari wa mkutano ulikuwepo, una sahihi za watu. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi alinieleza kwamba mkutano wenyewe haukufanyika. Siku iliyotajwa alikuwa palepale kijijini, uwanja ulikuwa mtupu, na baadhi ya waliotia sahihi walikuwa marehemu. Aliniambia nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake, mtoto wake mgongoni. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mwanamke mwenzake na niliongea Kiswahili cha kwao.

Jina lake sikuliandika. Niliandika "mwalimu mkuu, mwanamke, wa kata hiyo." Nilijiona mwangalifu. Kata ile, binti yangu, ilikuwa na mwalimu mkuu mwanamke mmoja tu.

Kuna mlango kule ubalozini ambao hutaupita, wanapita wao tu, na karatasi yako ikishaingia humo si yako tena. Wiki chache baadaye bosi wangu alikutana na viongozi wa wilaya ile, na kwa nia njema kabisa akawaambia, "Hata mwalimu mkuu wenu anasema mkutano haukufanyika." Mimi ndiye niliyekuwa nakalimani. Nikasikia sentensi yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwake, na nikalazimika kuitia kwenye Kiswahili mbele ya watu wale. Niliitafsiri. Mpaka leo najiuliza kama ningeweza kuipindisha, na kama ningekuwa na haki ya kuipindisha.

Kabla mwezi haujaisha mwalimu alipewa barua ya uhamisho, siku saba, kwenda mkoa mwingine kabisa, akamwacha mumewe mgonjwa. Nilimfuata huko. Alinikaribisha, akanipa uji, akasubiri nimalize kikombe ndipo akauliza, "Ni wewe uliyewaambia?" Nikasema ni mimi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Tangu siku hiyo niliandika tofauti. Kabla ya kukabidhi karatasi nilikuwa najiuliza: mtu wa pale akiisoma, atamjua aliyesema? Nikiona atamjua, nilifuta mpaka asijulikane, hata kama taarifa inapungua uzito na bosi ananuna. Mwaka 2010 mtandao wa WikiLeaks ulipoanza kutoa nyaraka za kibalozi za Marekani, zaidi ya 250,000, na mwaka uliofuata zikatoka bila majina kufichwa, mimi sikuwa mtumishi wa Wamarekani na hakuna neno langu lililokuwa mle. Hata hivyo nilikaa macho usiku kucha nikiwafikiria wasaidizi wenzangu mjini, na wale waliowahi kuwapa kigoda jikoni.

Kuhusu wewe mwenyewe. Bosi wako atakuwa na kinga ya kutokamatwa na kutoshtakiwa, wewe huna. Mkataba uleule wa Vienna unawaachia watumishi raia wa nchi mwenyeji kinga ile tu ambayo nchi yao itakubali kuwapa, yaani kwa kawaida ni kama hakuna. Tehran mwaka 2009, baada ya uchaguzi, wanadiplomasia wawili wa Uingereza walifukuzwa wakapanda ndege kurudi kwao. Hossein Rassam, Mwirani aliyekuwa mchambuzi wa siasa wa ubalozi huohuo, alikamatwa, na Oktoba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Na kumbuka Agosti 7, 1998, ulikuwa mdogo lakini kishindo ulikisikia: waliokufa hapa Dar kwenye ubalozi wa Marekani walikuwa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Sikutishi. Nilikwenda kazini Jumatatu iliyofuata, na ningekwenda tena.

Usaili ukienda vizuri, uliza bila haya kama wanawakatia watumishi michango ya pensheni ya NSSF, nani anawasilisha kodi yako, na mkataba unasemaje siku wakiamua kupunguza watu, maana kuupeleka ubalozi mahakamani si sawa na kumpeleka mwajiri wa Kariakoo. Usisaini siku hiyohiyo. Njoo nao nyumbani Jumamosi tuusome pamoja, baba yako atavaa miwani yake na kuukosoa Kiingereza chao.

Na uwaulize jambo moja zaidi, ambalo mimi sikuliuliza: mtu akizungumza nami, nani ataamua jina lake liandikwe au lisiandikwe? Wakikuambia si kazi yako, nadhani utajua la kufanya.

Yule mwalimu amestaafu sasa. Mimi humpigia simu kila Idi naye hunipigia kila Krismasi. Juzi nilimpigia kumwomba ruhusa ya kukusimulia haya. Akafikiri kidogo, akasema nikusimulie yote, ila jina lake nisikutajie.

Mama yako