Stara ya bustani jirani akipandisha ghorofa: anza na pale unapokaa, si ukutani

Mkuu, umeuliza ufanye nini: upo Mbezi Beach, uzio wako wa tofali una mita 1.8, jirani kapandisha ghorofa na dirisha lake linamwagikia bustani yako, fundi anakwambia uongeze kozi sita, yaani mistari sita ya tofali. Maji unayomwagilia ni ya kisima chenye chumvi kidogo. Nitajibu kwa kirefu, maana hizo kozi sita ni hela nyingi kwa kitu ambacho hukihitaji.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, pima mstari wa jicho. Mtu akisimama kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, macho yake yapo kama mita 4.5 kutoka chini. Wewe ukiwa umekaa kwenye kiti, kichwa chako kipo mita 1.2. Tuseme dirisha lipo mita 3 upande wa pili wa uzio na kiti chako kipo mita 5 ndani. Mstari kutoka machoni pake hadi kichwani pako unapita juu ya uzio kwenye kimo cha karibu mita 3.3. Ndiyo hizo kozi sita za fundi. Sasa weka kizuizi mita 1.5 tu mbele ya kiti: mstari uleule pale unapita mita 1.8. Kizuizi kikiwa na mita 2.4, hata ukisimama hakuoni. Kadiri kizuizi kinavyokuwa karibu na anayejisitiri ndivyo kinavyohitaji kuwa kifupi.

Kuna dawa ya bure pia. Hamisha kiti kiegemee uzio uleule wa upande wa jirani. Kikiwa nusu mita kutoka ukutani, mstari unapita mita 1.67, chini ya ukuta wako wa sasa. Watu wengi hukimbilia upande wa mbali wa kiwanja, na huko ndiko wanakoonekana vizuri zaidi.

Usiziamini namba zangu moja kwa moja, vipimo vyako ni tofauti. Kaa kwenye kiti, mwenzako asimame na ufito mrefu pale unapofikiria kuweka kizuizi, aushushe taratibu huku ukitazama dirisha. Ncha ya ufito ikigusa usawa wa juu ya dirisha, weka alama. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa, ongeza sentimita 30. Rudia kwenye kila kiti, na kwenye kamba ya kuanikia nguo kama nayo inakukera.

Kuhusu kuongeza ukuta, mimi nakataa. Uzio wa tofali za inchi 6 umejengewa msingi wa kimo chake. Ukiupandisha mita moja na nusu bila nguzo za nondo, masika udongo ukilowa unaanza kulala. Pia unakata upepo, na bustani ya Dar isiyo na upepo haikaliki mwezi wa kwanza. Ukitaka lazima uongeze, iwe kozi moja au mbili za tofali za maua zinazopitisha hewa, fundi akague msingi na nguzo kwanza, na uulize manispaa kuhusu kibali kabla ya kuanza.

Kizuizi chenyewe kijenge hivi. Kwa benchi la mita 2, upana wa mita 3 unatosha hata kama jirani ana roshani pana. Nunua paipu za mraba za inchi 2, chuma cha milimita 2. Zinauzwa karibu mita 6, kwa hiyo moja ukiikata katikati unapata nguzo mbili: sentimita 60 ziingie ardhini, zinazobaki ni kimo chako. Unahitaji nguzo tatu. Mashimo yawe sentimita 30 kwa 30, kina 60, zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha mashimo yote matatu. Uso wa zege uuinue kidogo juu ya udongo na uuteremshe pande zote, maji yasituame kwenye chuma. Vichwa vya paipu vizibwe, la sivyo mvua inaingia na kutu inaanzia ndani. Karibu na bahari kutu huanza kwenye maungio ya kuchomelea, hivyo fundi akwangue mabaki yote ya kuchomelea kabla ya kupaka rangi ya kuzuia kutu, makoti mawili, ndipo rangi ya juu. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika: rangi inapakwa juu ya mabaki hayo, miezi michache inabanduka.

Kati ya nguzo pitisha waya wa mabati kila sentimita 30. Mwaka wa kwanza funga neti ya kivuli inayozuia asilimia 80 ya jua, ile ya vitalu vya miche. Usitumie turubai. Turubai ni tanga, kusi likivuma linang'oa nguzo. Kingo za neti zikunje mara mbili ndipo uzifunge. Vifungo vyeupe vya plastiki hupasuka kwa jua, tumia vyeusi au waya laini.

Mmea wa kupanda hapo kwa maji yako ni bogenvilia. Inavumilia chumvi na ukame. Pasheni ni nzuri na ina vikono vyake vya kujishikia, lakini chumvi inaiumiza. Kama una maji yasiyo na chumvi ya kutosha, chagua ya njano ndiyo inayofaa Pwani, na panda miche miwili au zaidi iliyotoka kwenye mbegu tofauti, kwa sababu ua lake halishiki tunda kwa chavua ya mmea uleule.

Bogenvilia panda miche miwili, umbali wa mita 1.5, mwezi wa tatu mvua zinapoanza. Shimo sentimita 60 kila upande, ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri, changanya na udongo wa juu. Samadi mbichi inachoma mizizi. Chipukizi likifika sentimita 60 kata ncha, kisha matawi yanayotoka yalaze kando yakifuata waya, uyafunge kwa vipande vya kitambaa. Tawi lililolazwa linachipua urefu wake wote. Lililoachwa kwenda juu linatoa majani kileleni tu, na huku chini unabaki na miguu mitupu ya miti, jirani anakuona kama kawaida. Ncha za majani zikigeuka kahawia kama zimebabuliwa na moto, ni chumvi. Mwagilia mara chache lakini maji mengi, yaisukume chini ya mizizi.

Miashoki kando ya uzio inapendeza, mita 1 kutoka ukutani na mita 1 kati ya mche na mche. Ni subira ya miaka, na usiikate matawi ya chini. Fikasi usiilete karibu na ukuta wala chemba ya maji taka, mizizi yake inapasua vyote viwili. Minyaa nayo hapana kama kuna watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari.

Mianzi inasitiri haraka, ila chagua inayokua kichaka, si inayotambaa. Ukiikata, kata juu kidogo tu ya kifundo. Ukiacha kipande cha bomba wazi, maji ya mvua yanakaa humo na mbu wanazaliana. Dar imeshapigwa na dengue 2014 na 2019, na mbu wake wanapenda vidimbwi vidogo vya namna hiyo. Sahani za chini ya vyungu zimwage kila wiki.

Jirani akiongeza ghorofa ya pili, kizuizi cha pembeni kitaanza kushindwa. Hapo nguzo zilezile tatu ziwe upande mmoja wa banda: ongeza tatu nyuma ya benchi, waya juu, bogenvilia ipite kichwani.