Ngano ya paa ndani ya riwaya ya leo

Swali: Ninaandika riwaya ya Mombasa ya leo kwa kufuata ngano ya maskini aliyetajirishwa na paa. Paa nimemfanya simu. Joka la vichwa saba, kampuni ya mikopo. Waliosoma sura nne za mwanzo wanasema mwisho wanaujua. Niubadilishe?

Jibu: Mwisho uache. Kinachokuangusha ni kubadilisha kitu kwa kitu. Msomaji akishang'amua kuwa simu ndiyo paa, kazi yake inabaki kuhesabu vinavyolingana.

Irudie ngano yenyewe, ile iliyokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, uiandike kwa sentensi zisizozidi 10. Kisha futa moja moja. Ukifuta joka, kisa kinapungua utamu lakini kinasimama. Ukifuta paa mgonjwa anayedharauliwa na bwana wake, hakuna kisa tena. Kiini ni hicho: mtu kumkana aliyemtoa jaani. Kibebe hicho, mengine ruhusa kuyatupa, joka likitangulia.

Ngano haijishughulishi kueleza kwa nini Hamdani, yule maskini aliyetajirishwa, aligeuka. Riwaya haina budi, na kurasa zako nyingi ziende huko. Pengine paa ndiye shahidi wa siku ambazo Hamdani alikuwa akichakura punje za mtama, na tajiri hataki shahidi nyumbani. Simu haimwaibishi mtu kwa kumtazama tu, kwa hiyo mfadhili wako awe kiumbe mwenye kumbukumbu. Akiwa mnyama anayesema, aseme sura ya kwanza. Muujiza unaozuka sura ya tano huonekana njia ya mkato.

Mjumbe wa paa hutumwa kwa bwana na kurudi, tena na tena, kwa maneno yanayokaribiana. Masikioni marudio hayo ni matamu, kwenye karatasi yanachosha. Yafanye matatu, kila moja baya kuliko lililopita: kwanza ana wageni, halafu anatuma pesa badala ya kwenda, mwisho anasema hamjui. Msimulizi ningemchagua mke, kwa sababu yeye hajui mumewe alitoka wapi hata kama msomaji anajua.

Jambo moja la mwisho wenyewe. Katika ngano Hamdani anaota yuko jaani, anaamka yuko jaani. Leo hilo litasomwa kama "kumbe ilikuwa ndoto", na watakukasirikia. Aanguke kwa kitu ulichokwisha kukipanda: hati ya nyumba iliyoandikwa jina la mfadhili tangu sura ya pili, ambayo tajiri wako hakuwahi kuifungua.