Jibu: Mawe ya Ica na dinosaria

Mkuu, umeuliza kama mawe ya Ica kule Peru, yenye michoro ya watu na dinosaria pamoja, ni ya kweli. Mawe ni ya kale, sawa, ila umri wa jiwe hausemi mchoro umechongwa lini. Daktari Javier Cabrera alikusanya maelfu yake. Mkulima Basilio Uschuya, mmoja wa waliomuuzia, alikiri kuwa aliyachonga mwenyewe kwa kunakili picha za magazeti na vitabu vya katuni. Kuyazeesha je? Aliyachoma kwenye mavi ya ng'ombe! Eti kazi hiyo ni rahisi kuliko kulima, na hapo simlaumu. Dinosaria hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Sisi binadamu tuna miaka kama 300,000 tu.