Shangazi aliwaona. Mbona majaji wanauliza mwanga ulitoka wapi?

SWALI: Wakili, hujambo? Nauza mitumba Gikomba na naishi Kayole. Kijiji chetu huko nyumbani kilivamiwa usiku, nyumba zikachomwa, tukazika jamaa wengi kwa siku moja, akiwemo baba mdogo na watoto wake. Mahakama Kuu iliwatia hatiani wanaume watatu kwa mauaji. Wamekata rufaa, na juzi nilimsindikiza shangazi kusikiliza. Alikuwa shahidi, usiku ule alijificha kwenye ghala la mahindi akachungulia kati ya fito. Majaji watatu walimbana kiongozi wa mashtaka kwa maswali: mwanga ulitoka wapi, mbona majina hayamo kwenye taarifa ya kwanza ya polisi, panga lilihifadhiwa na nani, kukiri kuliandikwa mbele ya nani. Shangazi alirudi nyumbani akilia, anasema ameitwa mwongo. Kwa nini kesi iliyokwisha inafukuliwa? Na je, wauaji wataachiliwa kwa sababu ya makosa ya polisi?
Mama wa Kayole

JIBU: Mama, poleni sana kwa msiba, na poleni kwa kuusikia tena kwenye korti.

Mwambie shangazi hakuna jaji aliyemwita mwongo. Mtu mkweli kabisa anaweza kukosea sura usiku, tena akiwa na hofu ya kufa. Ndiyo maana tangu uamuzi wa kesi ya Maitanyi, mwaka 1986, majaji wetu hutaka kujua mwanga ulikuwa wa nini, ulikuwa mkali kiasi gani, na ulikuwa upande gani wa yule aliyeonekana. Nyumba inayoungua hutoa mwanga mwingi, lakini anayesimama kati yako na moto unamwona umbo tu. Akigeuka kuutazama moto ndipo uso unaonekana, iwapo wewe uko upande huohuo. Kwa hiyo ghala lilikuwa wapi, nyumba ya baba mdogo wapi, na wale watu walisimama wapi? Hayo ni mambo ambayo polisi walipaswa kuyachora kwenye ramani ya eneo la tukio asubuhi ileile. Ikiwa hayakuchorwa, jaji hana namna ya kuyaona. Kama shangazi aliwafahamu watu hao kwa miaka, hilo linamsaidia, maana mahakama huamini zaidi utambuzi wa mtu unayemjua kuliko wa mgeni. Ila hata jirani hufananishwa.

Kuhusu kufukua: kesi ya mauaji husikizwa kwanza na Mahakama Kuu, kwa hiyo rufaa hii ndiyo ya kwanza, na Katiba, kifungu cha 50, inampa kila aliyetiwa hatiani haki hiyo. Tangu kesi ya Okeno ya 1972 imekubalika kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ni lazima iupime upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Majaji hao hawakumwona shangazi akitoa ushahidi. Wanasoma mwenendo wa kesi uliochapwa. Basi kila pengo kwenye karatasi linaonekana.

Sasa hiyo taarifa ya kwanza. Hili ndilo zito kuliko yote, na hasira yangu yote iko hapo. Mahakama ya Rufaa ilieleza katika kesi ya Simiyu, mwaka 2005, kwamba pale ambapo utambulisho wa mshtakiwa unabishaniwa, maelezo aliyoyatoa shahidi mwanzoni ni jambo la umuhimu mkubwa mno. Ikiwa shangazi aliwajua kwa majina, mbona OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, ya alfajiri ile inasema "watu wasiojulikana"? Labda alikuwa bado anatetemeka hawezi kusema. Labda aliogopa, kwa sababu jamaa za wale watu walikuwa wamesimama palepale. Na labda aliyataja yote matatu na afisa hakuyaandika. Nimesoma mafaili ya mauaji ya kijiji ambamo bibi kizee asiyejua kusoma na mwalimu wa shule ya msingi wametoa taarifa zenye sentensi zilezile, hadi makosa ya tahajia yaleyale. Hawakusema vile. Mtu alikaa ofisini akanakili, na miaka ikapita, na mawakili wa utetezi, mimi nikiwa mmoja wao, tukaisoma nakala hiyo kwa sauti mbele ya yule bibi na kumuuliza mbona alisema hivi. Aliyeharibu ushahidi wake hakuwa bibi, wala hakuwa wakili.

Panga ni hivyohivyo. Katika kesi moja afisa alilitoa ndani ya mfuko wa nailoni, halina lebo. Akaulizwa lilikuwa wapi tangu siku ya tukio. Akasema kwenye droo. Droo ya nani? Akanyamaza. Pengine damu iliyokuwa juu yake ilikuwa ya marehemu kweli, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba panga lililookotwa ndilo lililofika kwa Mkemia wa Serikali.

Na kukiri, sheria iko wazi. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka kufanywe mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe awepo. Kukiri kukiandikwa na mpelelezi usiku, chumba kimefungwa, hakupokelewi, hata kuwe na maneno gani.

Umeniuliza kama wataachiliwa, na sitakuficha: inawezekana. Unakumbuka Kiambaa, karibu na Eldoret, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi akina mama na watoto. Wanaume wanne walishtakiwa, na Aprili 2009 Jaji David Maraga, wakati huo akiwa Mahakama Kuu ya Nakuru, aliwaachilia na kuwalaumu polisi kwa upelelezi wa ovyo. Kwamba watu walichomwa, hakuna aliyebisha. Kilichokosekana ni ushahidi wa kuwafunga hao wanne.

Lakini kuchunguza karatasi za polisi hakumwokoi mshtakiwa peke yake. Huko India, Mei 1987, askari wa PAC, kikosi cha polisi wenye silaha, waliwachukua makumi ya wanaume Waislamu kutoka mtaa wa Hashimpura, mjini Meerut, wakawapiga risasi na kuwatupa majini. Mwaka 2015 korti ya kwanza iliwaachilia askari 16, ikisema hawakutambuliwa ipasavyo. Kwenye rufaa ushahidi zaidi ukapokelewa, likiwemo daftari la kikosi lililoonyesha walikuwa kina nani, na Oktoba 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ikawahukumu wote 16 kifungo cha maisha. Waliofiwa walingoja miaka 31.

Msitegemee sana amri ya kesi kusikizwa upya. Hutolewa pale kesi ya kwanza ilipoendeshwa kinyume cha sheria, na haitolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Wakiachiliwa, Serikali inaweza kwenda Mahakama ya Juu, ila mlango huko ni mwembamba: suala la Katiba, au jambo lenye umuhimu kwa umma wote. Na lolote litakalotokea, pelekeni malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, dhidi ya maafisa walioandika ile taarifa na kuhifadhi lile panga. Msingoje hukumu. Shangazi aandike sasa, kwa maneno yake, alimwambia afisa yupi nini na saa ngapi.

SWALI: Sisi tuliofiwa tuna ruhusa ya kusema kitu kwenye rufaa, au ni kukaa tu kwenye benchi la nyuma?
Msomaji, Umoja

JIBU: Mna nafasi. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inatambua familia ya marehemu, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba wakili wa waathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya mauaji, mradi asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili. Wakili wenu aombe mapema, kabla ya siku ya kusikizwa, maana siku yenyewe majaji huwa na mafaili mengi. Kama hamna pesa za wakili, nendeni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mkaonane na anayeshughulikia rufaa yenu. Bebeni nambari ya rufaa. Mkiwa hamna, muulizeni karani wa masjala kwa jina la mshtakiwa wa kwanza.