Unataka kuwa wakili jeshini? Anza na miguu, vitabu baadaye

Juzi nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja, yuko mwaka wa kwanza shule ya sheria hapa Marekani, anasema dada nataka kuwa wakili wa Marine (wale askari wa Marekani wanaopigana baharini na nchi kavu) kama wewe, nianze na kitabu gani? Nimekaa na simu mkononi muda mrefu, maana na mimi nilianza na swali hilohilo na lilinigharimu mwaka mzima.

Mimi nimepitia programu ya PLC (Platoon Leaders Class, mafunzo ya uafisa wa Marine kwa wanafunzi wa chuo) upande wa sheria. Unaenda kambini Quantico, Virginia, wiki 10 za kiangazi ukiwa bado mwanafunzi, ukifaulu unarudi darasani kumalizia. Ada hawakulipii, hilo ulijue mapema. Na kwa Marine wakili ni afisa kama maafisa wengine, unabeba bunduki na begi sawasawa na yule atakayeongoza askari wa miguu. Hilo nililisoma nikalipita, nikajiambia alama ninazo, kichwa kipo.

Kule alama zako za sheria hakuna anayeziuliza. Wanakupima uongozi asilimia 50, masomo ya kambini 25, mwili 25. Hata kusema "mimi" huruhusiwi, unajiita "kandideti huyu". Wiki ya tatu ugoko wa kulia ukaanza kuuma nikanyamaza, nikawa nameza vidonge na kufunga bandeji chini ya soksi ili sajini asione, wiki ya tano tuko kwenye matembezi marefu na mizigo mgongoni mguu ukagoma kabisa. Mfupa ulikuwa na ufa. Nikapewa karatasi zangu, naingia kwenye gari nawasikia wenzangu uwanjani wanapiga kwata.

Lakini sio mguu ulioniuma. Kabla sijaondoka afisa mmoja aliniambia labda ni heri, kwa lafudhi yangu askari wasingeelewa amri. Mimi niliyejifunza Kiingereza ukubwani, nikaapa uraia kwa mkono wangu, naambiwa hivyo nimeshikilia magongo. Mpaka leo nikikumbuka koo linakaza.

Nikaomba tena. Mwaka mzima naamka saa 10 alfajiri, maili 3 (kama kilomita 4.8 hivi) nikazitoa dakika 29 nikazifikisha 23, halafu naenda kwenye maegesho ya chuo kabla watu hawajafika napiga amri za kwata peke yangu mpaka sauti ikaanza kutoka tumboni sio kooni. Kiangazi kilichofuata nikapewa platuni niiongoze. Nikasema kushoto geuka. Wakageuka wote.

Mengine yalienda, uluteni usu, mtihani wa uwakili, miezi kama 6 ya Basic School, shule ya maafisa wapya wa Marine, hapohapo Quantico, kisha shule ya sheria za kijeshi Newport, Rhode Island. Mwezi uliopita nimesimama mara ya kwanza kwenye mahakama ya kijeshi kumtetea koplo mmoja kijana. Watu hudhani jeshini mtuhumiwa hana haki, si kweli. Kanuni ya haki ya kijeshi ya Marekani ya mwaka 1950, kifungu cha 31, inataka mtuhumiwa aambiwe kosa analotuhumiwa na kwamba anaweza kunyamaza, kabla hajahojiwa, wakati raia wa kawaida walisubiri kesi ya Miranda ya 1966, ndipo Mahakama ya Juu ikawalazimisha polisi nao kumwambia mtu waliyemkamata kwamba anaweza kunyamaza. Kifungu hicho ndicho kilichonifanya niipende hii kazi.

Kwa hiyo mdogo wangu, kimbia. Kimbia leo, kesho kimbia tena. Ukiumia sema siku hiyohiyo, kuficha sio ujasiri, ni kiburi, na mtu anayeficha jeraha lake leo kesho ataficha kosa lake mbele ya askari anaowaongoza. Na nyie mnaopenda magwanda kwenye picha tu, niwaambie, yule koplo hakuniuliza nilipata alama gani, aliuliza kama nitakuwepo asubuhi. Lazima uwepo. Mwili uwepo, sauti iwepo. Na sauti yako usimruhusu mtu akunyang'anye, ipaze ilivyo na lafudhi yake.

Yule afisa kaniandikia hongera baada ya kesi. Sijamjibu.